Nani Aulizwe?

Wenzangu wa kalamu, nina neno leo, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Mimi nina kazi mbili. Mchana natunga programu za kompyuta: za maduka ya jumla Kariakoo, za zahanati, za vikundi vya kukopeshana. Usiku naandika hadithi. Ya mchana inanilisha, ya usiku inaninyima usingizi. Kwa miaka kadhaa nilidhani hizi ni kazi mbili zisizojuana, kama wapangaji wa nyumba moja ambao hukutana tu kwenye foleni ya bafuni. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Nimelijua hilo tangu ilipoingia hii inayoitwa akili mnemba, wengine wanaiita akili bandia, kwa sababu zote mbili zimeambiwa maneno yaleyale: "Ninyi sasa basi. Mashine inaweza."

Kijiweni wananiambia, "Mshikaji, unakesha ya nini? Iambie unachotaka, dakika moja hadithi hiyo hapo." Kariakoo nako mwenye duka ananiuliza, "Kaka, laki tano za nini? Mdogo wangu kaitengeneza programu kama hiyo kwa simu, tena bure." Hawasemi kwa ubaya. Wengine wananionea huruma kabisa, kama mtu anavyomwonea huruma fundi wa taipureta.

Sitawajibu kwa kusema kwamba mashine haiwezi. Huo ni ubishi wa kitoto. Leo utasema haiwezi jambo fulani, keshokutwa italiweza, nawe utabaki umeshika tama. Swali langu ni jingine, tena dogo. Kazi ikishatoka, ikaleta faida au ikaleta balaa, nani aulizwe?

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kilivyo, tusije tukapigana na kivuli. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi kuliko ambavyo binadamu yeyote angeweza kuyasoma hata angeishi mara elfu: vitabu, magazeti, mabishano ya watu, na programu walizoandika wengine. Kisha zikafunzwa jambo moja kubwa, nalo ni kukisia kipande kinachofuata. Ukiiandikia "hapo zamani za", inakupa "kale". Rundika makisio hayo juu ya mengine, ongeza watu wa kuisahihisha mpaka ijifunze adabu ya kujibu, na utapata kitu kinachozungumza kama mtu. Kampuni ya GitHub ilianza kuwaonjesha watunga programu chombo chake cha Copilot mwezi Juni 2021. OpenAI nao wakaitoa ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022, na tangu hapo hata asiyejua kuwasha kompyuta ana habari zake.

Kukisia huko si jambo la kubeza. Mara nyingi inapatia, na inapatia vizuri. Lakini kukisia si kukusudia. Mtunzi anapoweka neno mahali, ameacha mengine kumi pembeni kwa sababu anayoijua yeye. Huenda sababu yenyewe ni mbaya, huenda ni ya kipumbavu, lakini ipo, na unaweza kumkamata mkono ukamwambia aitaje.

Kwa Kiswahili chetu mambo yana vituko vyake. Kile kipande nilichosema si neno wala si silabi. Mashine huyakata maneno kufuatana na yanavyojirudia katika maandishi iliyolishwa, na kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichojaa humo, maneno yetu hukatwa vipande vingi zaidi, tena bila kujali yanavyotamkwa. Sasa iambie itunge shairi la mizani 16, nane kwa nane. Sisi tunajua kuwa "mtu" ni mizani mbili, *m* na *tu*, kwa sababu tunazisikia mdomoni. Mashine haina mdomo. Nimesoma beti zake nyingi: vina vimepangwa vizuri kama viti vya harusini, lakini hesabu mizani uone. Hapa 15, pale 17, na pakitimia 16 utaona ni bahati.

Hadithi nazo vilevile. Moyo wa mhusika "unazama". Dada wa Mbagala anasimama dirishani "akitazama majani yakipukutika katika msimu wa vuli". Vuli gani hiyo jamani? Mbagala vuli ni mvua ya Oktoba mpaka Desemba, ni matope, ni daladala kukwama na watu kuvua viatu. Majani ya vuli yanayopukutika ni ya Ulaya, yamepandishwa ndege na mfasiri asiyeuliza yanakwenda wapi. Na mioyo yetu haizami. Inalipuka, inakwenda mbio, inakufa ganzi, lakini kuzama huzama boti.

Haya yanachekesha, lakini sitaki kuyajengea hoja, maana yanaweza kurekebishwa. Pengine mwaka ujao mashine itahesabu mizani kuliko shehe wa madrasa anavyohesabu tasbihi. Tuchukulie tu kwamba imeshaweza. Shairi limetoka, halina kasoro, vuli ni vuli na moyo ni moyo. Swali langu bado lipo palepale. Nani aulizwe?

Ushairi wetu, ndugu zangu, umekua kwa kuulizana. Gazeti la *Mambo Leo* lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walipata humo uwanja, na uwanja haukuwa wa kujionyesha tu. Mtu akitoa shairi, mwingine humjibu. Swali huulizwa kwa beti na jibu hurudi kwa beti, na mwenye hoja dhaifu huaibika mbele ya nchi nzima. Mathias Mnyampala akaja na ngonjera, ambazo ni mabishano hasa: mmoja anasema, wa pili anapinga, mpaka mmoja anakubali. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo waliwaka moto. Walisema huo si ushairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Wa upande wa pili wakajibu, na mjadala ule ukaenda miaka na miaka. Kila upande ulikuwa na watu wenye majina, na kila mmoja alijua kwa nini ameandika alivyoandika. Tulio vijana leo tunaandika kwa uhuru tulio nao kwa sababu kuna watu walibanwa, wakajibu.

Kuna aliyebanwa zaidi ya hapo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu mwaka 1968 akauliza Kenya inakwenda wapi. Serikali ikauliza ni nani aliyeandika. Alifungwa miaka 3, akatoka mwaka 1972, na huko gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Hebu yafikirie maneno yale. Kila neno lina mtu nyuma yake, na mtu huyo alipoulizwa hakusema "ndivyo lilivyotoka". Aliyalipia kwa miaka yake. Sisemi kila mwandishi lazima afungwe ndipo awe mwandishi, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba sababu mojawapo ya maneno kuwa mazito ni kuwa yupo anayeweza kudaiwa kwayo.

Sasa tazama kinachotokea pale ambapo hakuna wa kudaiwa. Kuna jarida la Marekani linaitwa *Clarkesworld*, huchapisha hadithi za kubuni za kisayansi, na mlango wake ulikuwa wazi kwa mwandishi yeyote kutoka popote, awe na jina au asiwe nalo. Mwezi Februari 2023 mhariri wake, Neil Clarke, alilazimika kuufunga mlango huo. Hadithi zilizotungwa na mashine zilikuwa zimemiminika zaidi ya 500 katika mwezi huo ambao haujaisha. Watumaji wengi hawakuwa waandishi wala hawakutaka kuwa. Walikuwa wamesikia mahali kwamba kuna pesa ya haraka. Mlango ulifunguliwa tena mwezi uliofuata, lakini kwa ulinzi mkali na kazi ya ziada kwa mhariri.

Ninapolifikiria jambo hilo simwonei huruma mhariri peke yake. Namfikiria binti aliye Songea au Kigoma, ambaye ameandika hadithi yake ya kwanza kwa kalamu, akaichapa kwenye simu ya kaka yake, akaituma huku mikono ikitetemeka. Hadithi hiyo inafika katikati ya mia tano ambazo hazina mwenyewe. Mhariri wa jarida dogo kama hili husoma usiku baada ya kazi, kwa macho yake mawili na bila posho. Akishadanganywa mara ishirini, ya ishirini na moja ataisoma kwa kushuku. Na ikiwa binti wa watu ameandika vizuri kupita umri wake, ndiye atakayeshukiwa kwanza. Wizi wenyewe ndio huo. Nafasi anayoporwa ni ya mchanga, maana mwandishi mwenye jina ana njia nyingine za kufika.

Nimesema kazi zangu mbili ni ndugu. Basi tuhamie mchana.

Mtaani kwetu kuna kikundi cha VICOBA, kina mama wengi na wanaume wachache. Wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Kwa miaka yote mweka hazina alitumia kauntabuku na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Kisha kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, akajitolea kuwatengenezea programu. Alikaa na mashine jioni mbili tu, programu ikasimama. Na ilipendeza! Rangi nzuri, jina la kikundi juu, kila mwanachama anaona hesabu yake kwenye simu. Walimpigia makofi, na mimi ningepiga.

Mzunguko ulipokaribia mwisho, mweka hazina, ambaye hakuwahi kuiacha kauntabuku yake, aliona hesabu mbili hazipatani. Kompyuta ilikuwa na shilingi 45,000 za faini ambazo daftari halikuwa nazo. Aliyekopa 300,000 kwa miezi 3 alitakiwa kurudisha 330,000, yaani 110,000 kila mwezi. Baadhi ya wanachama, wakipata hela, walikuwa wanalipa marejesho mawili kwa mpigo. Programu iliyaandika yote mawili kwenye mwezi mmoja, mwezi uliofuata ikaona patupu, ikampiga mtu faini ya 5,000. Aliyewahi akaadhibiwa kama aliyechelewa. Ilitokea mara tisa.

Mama akamwita kijana. "Mwanangu, hii faini imetoka wapi?"

Kijana akafungua, akatazama, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, ndivyo ilivyotoka."

"Ilivyotoka wapi? Si wewe uliyeandika?"

Hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuwa ameandika. Akairudia mashine, akaieleza. Mashine ikaomba radhi kwa adabu sana, ikatoa toleo jipya. Toleo jipya likafuta faini zote, hata za waliochelewa kweli. Akairudia. Ikaomba radhi tena. La tatu likagusa hesabu ya hisa, na sasa hata salio la jana halikulingana na la leo. Kufikia hapo wanachama walikuwa wameanza kutazamana vibaya, maana kwenye kikundi cha namna hiyo hela ikipotea haitafutwi kwenye kompyuta, inatafutwa kwenye mkoba wa mweka hazina. Mama wa watu, miaka yote hiyo hajala hata shilingi ya mtu, akaanza kuitwa mwizi pembenipembeni.

Ndipo nilipoitwa mimi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, njoo unifichie aibu hii." Sikuanza na programu. Nilianza na kauntabuku. Nikaweka kidole kwenye mstari, mama akaeleza. "Huyu alilipa mbili siku hiyo kwa sababu alikuwa anakwenda kujifungua. Huyu nilimsamehe faini, kikao kilikubali, saini ya mwenyekiti hii hapa. Sisi faini yetu si ya kukosa hela, ni ya kukosa kikao bila taarifa." Kila mstari ulikuwa na jibu. Nilijifunza kanuni tatu za kikundi ambazo hazikuwa zimeandikwa popote isipokuwa kichwani mwake. Kurekebisha programu yenyewe ilikuwa mistari michache. Kazi kubwa ilikuwa kujua kinachotakiwa, na hiyo aliijua mama aliyeishia darasa la saba kuliko mashine iliyosoma maandishi ya dunia.

Kuna mtu wa Denmark, Peter Naur, aliyesema jambo hili mwaka 1985, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Alisema programu hasa si yale maandishi. Programu ni ule uelewa walio nao walioitunga: kwa nini kipo hiki, kwa nini hakipo kile, na dunia ya nje ikibadilika kiguswe wapi. Watu wenye uelewa huo wakitawanyika, alisema, programu imekufa, hata kama kompyuta bado inaiendesha. Nikiitazama programu ya yule kijana kwa maneno ya Naur, naona haikufa. Ilizaliwa ikiwa maiti, tena maiti iliyovalishwa vizuri.

Mtu ataniambia, "Sawa, lakini kasi je? Huwezi kukataa kasi." Hata hiyo tuitazame kwa utulivu. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwapima watunga programu 16 wazoefu, katika kazi 246, kwenye programu walizozifahamu vizuri, kwa zana za mwanzoni mwa mwaka huo. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia akili mnemba, nyingine walikatazwa. Kabla ya kuanza walitegemea ingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza wakasema imewapunguzia kama asilimia 20. Saa ikasema imewaongezea asilimia 19. Wamechelewa, na wanaapa wamewahi! Wale ni watu 16 tu na zana zinabadilika, kwa hiyo sichukui hesabu hiyo kuwa sheria. Kinachonitisha ni ule umbali kati ya walichohisi na kilichotokea. Ikiwa mzoefu anaweza kudanganyika hivyo kwenye kazi anayoijua, mwanafunzi atajuaje?

Tena kasi ya mmoja ni mzigo wa mwingine. Daniel Stenberg wa Sweden anaongoza programu huria iitwayo curl, inayofanya kazi kimyakimya ndani ya simu na kompyuta nyingi kupita kuhesabika. Mwezi Januari 2024 alilalamika hadharani kuhusu watu wanaomletea taarifa za hatari za usalama zilizoandikwa na mashine: ndefu, nzuri, zenye istilahi zote, na hakuna hatari yoyote. Lakini lazima zisomwe, maana huwezi kupuuza mtu anayesema nyumba yako inaungua. Aliyeituma ametumia dakika moja, anayeisoma anapoteza nusu siku. Si ndiyo hadithi ya *Clarkesworld* hiyo hiyo? Anayetoa hajui alichotoa, na uzito wote wa kujua unaangukia mtu mwingine.

Daladala ina mtu anaitwa deiwaka. Gari si lake, na hata si yeye aliyekabidhiwa. Anashika usukani saa chache, anakanyaga mafuta, anapata chake, jioni anashuka. Gia ikigongwa, atajua dereva mwenyewe kesho asubuhi. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini hakuna anayemkabidhi deiwaka gari kisha akalala usingizi. Mashine hii ni deiwaka ambaye hata jina hana.

Sasa kuna hoja moja nzito, na ni dhambi kuiruka. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe unasema hivyo kwa kuwa umeshajua. Mimi sikusoma kompyuta chuo, Kiingereza changu cha kuombea maji, sina mjomba mwenye kampuni. Hii ndiyo ngazi yangu ya kwanza, nawe unataka kuiondoa." Hoja hii iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Ni kweli wengi wetu tunaanza nyuma ya mstari. Na ni kweli mashine ina msaada wake: inaeleza kosa lililokushinda usiku wa manane ukiwa huna wa kumuuliza, inaona mabano uliyosahau kufunga, inakufafanulia kitabu cha Kiingereza. Mimi mwenyewe kwa mambo hayo naitumia, na simwoni mtu anayeitumia hivyo kuwa mkosaji.

Lakini ngazi ni kitu unachopanda kwa miguu yako. Ukifika juu una magamba miguuni na unajua kushuka. Kitu kinachokubeba kikakuweka juu si ngazi, na siku kikiondoka hujui hata ulipo. Tulivyofundishwa wengi wetu, iwe kuandika au kutunga programu, ni kwa kuulizwa na aliyetangulia. "Kwa nini hapa?" "Kwa nini si vile?" "Huyu mhusika kwa nini hakasiriki?" Unajikanyaga, unatoka jasho, unarudi nyumbani na hasira, na wiki ijayo unakuja na sababu. Hakuna anayezaliwa na sababu. Mashine haikuulizi hivyo mpaka uiamuru, na wachache wanaagiza kiboko chao wenyewe. Kazi yake ya kawaida ni kusifu. Ipe shairi bovu, itasema lina hisia za kina. Ipe programu yenye tundu, itasema umeuliza swali zuri sana. Kijana asiyeulizwa hawezi kuwa mtu wa kuulizwa, na miaka kumi ijayo tutatafuta wazoefu wa kusahihisha hizo mashine tusiwaone, kwa sababu tuliwanyima uchanga wao.

Halafu tusisahau kwamba hata mashine haikujifunza hewani. Mwezi Januari 2023 jarida la *Time* lilieleza kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna, ili ChatGPT ijifunze kutosema mambo hayo. Walisoma wao ili sisi tusisome, na wengine walisema vichwa vyao havikurudi vilivyokuwa. Na mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kutoka maktaba za uharamia za intaneti. Kwa hiyo tukiambiwa "mashine imeandika", tukumbuke kuna watu chini yake. Wapo, ila wamepangwa chini kiasi kwamba hakuna anayeweza kuwauliza chochote, na wao hawana wa kumuuliza.

Basi nifanyeje mimi, na wewe ufanyeje? Sina amri ya kutoa. Nina desturi niliyojiwekea, na mwenye kuipenda aichukue. Sitoi kitu chenye jina langu, iwe hadithi au programu, mpaka niweze kukaa mbele ya mtu akaweka kidole popote, nami nikamwambia kwa nini. Nisipoweza, kitu hicho bado si changu, hata kama kila herufi niliigonga mwenyewe. Kwa sababu hiyo hadithi zangu ni chache, na wateja wengine wa Kariakoo wameniacha kwa kuwa nachelewa. Gharama ni hiyo na naiona. Yule mweka hazina, kwa upande wake, bado anashika kauntabuku pembeni ya programu, kalamu nyekundu na nyeusi, na sijamwambia aiache.

Najua kuna atakayesoma haya aseme nimepitwa na wakati. Vizuri. Kurasa za jarida hili zipo, aandike anijibu, kwa nathari au kwa beti, kwa mizani 16 au kwa mtindo wa *Kichomi*. Ila aje mwenyewe, maana nitamuuliza.